Kula ya Bukoto

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mwili mzima, ila roho imechafuka, na sitaki uzisikie habari hizi kwa watu. Marekani siendi tena. Waambie majirani wakome kuuliza.

Ile ligi ya kulipwa ya besiboli ya wanawake kule Marekani ilitaka mchezaji mmoja wa timu yetu aende kujaribiwa. Kocha, kwa kuogopa lawama, akasema tutamchagua wenyewe, ila siku hakuitaja. Jumapili akanipigia simu: "Lehema, kesho asubuhi kuja kwangu Bukoto, iko kula." Kuitwa Lehema nimeshazoea, Waganda hapa r na l kwao ni mamoja. Lakini mimi mtoto wa Mombasa, nikiambiwa kula nasikia chakula. Na Jumatatu nafunga, kama ulivyonilea. Nikamweleza Nakato, ninayeishi naye chumba kimoja hapa Wandegeya: "Kocha anatuita kula, na mwenzio nafunga." Akasema, "Wewe lala tu, mimi nitamwambia." Nikalala, mjinga mie!

Kumbe ni kura. Asiyekuwepo hachaguliwi. Wamemchagua Nakato.

Na huyo ndiye mdakaji wangu, Mama. Mimi narusha, yeye anachuchumaa nyuma ya mpigaji na kunionyesha kwa vidole mpira niurushe vipi, nami narusha bila kubisha. Miaka yote hiyo! Yeye Mganda, neno la kocha alilielewa sawasawa. Nilimuuliza, "Ulijua ni kura?" Akajibu, "Wewe hukuuliza." Hata haya hana. Kocha naye ananishangaa: "Si nilikuambia kula?" Mwakani nitakuwa nimepita umri wanaoutaka, na wote wawili wanalijua hilo.

Nimelia mpaka macho yamevimba. Usiniambie ni riziki, tafadhali, sitaki kusikia.

Nisalimie baba mdogo aliyenichongea rungu la kwanza la kupigia mpira, na dada mkubwa na wanawe. Bibi asiambiwe kitu mpaka nije mwenyewe.

Nakato anaondoka Ijumaa. Jana alinibembeleza twende uwanjani, eti hakuna mwingine hapa mwenye mkono wa kumpa mazoezi. Nilikwenda, Mama. Nilimrushia kwa hasira zangu zote, nikiomba hata mmoja umponyoke umpige. Akaidaka yote.

Mwanao akupendaye,
Rehema