Benchi Linalopendwa Kuliko Yote

Chumba namba 14,
Bweni la Watafiti,
9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje siku hizi? Na mume wako, bado anabishana na redio? Mimi ni mzima, ila roho ndiyo nzito. Uliponiuliza kwenye simu kama nimepata mtu wa kuzungumza naye, nilibadilisha maneno, na najua ulisikia. Mliniita Kasuku kwa kelele zangu. Hapa naweza kumaliza siku nzima sijafungua mdomo.

Utafiti unaendelea. Ni ule wa jinsi miji mijanja inavyokua; wewe ulinicheka ukasema mji uliokuibia pochi sokoni ulikuwa mjanja kabla ya kompyuta. Huku taa za barabarani hujiwasha mtu akipita, na kila benchi lina kifaa kinachohesabu wanaokaa. Kazi yangu ni kukusanya hesabu hizo, nione watu wanapenda kukutana wapi.

Basi nikagundua benchi moja, mkabala na duka la miwani, linalopendwa kuliko yote. Jioni halikosi mtu. Nikaliandikia sura nzima, nikaeleza jinsi mtaa ulivyojipatia baraza lake. Msimamizi wangu akaisifu mbele ya wenzangu.

Juzi nikazirudia hesabu. Mtu huja kila jioni maktaba ikishafungwa, Jumapili haji. Wiki niliyolala na mafua, benchi lilikuwa tupu. Shangazi, mtu huyo ni mimi. Hukaa pale kwa sababu taa yake huwaka ukishakaa tu, na ukiwa mpweke, hata taa ikikutambua unashukuru. Mkuki kwa nguruwe: kuwahesabu wengine ilikuwa kazi, kujiona nimehesabiwa kumeniuma.

Nilimweleza msimamizi. Alicheka hadi akavua miwani.

"Kwa hiyo umejitafiti mwenyewe," akasema. "Haya, futa, uanze upya."

Nikacheka naye. Nilipofika chumbani nikalia.

Kabla ya kufuta nikaona jambo. Jioni moja mwezi uliopita kifaa kilihesabu watu wawili, kwa karibu nusu saa. Jioni hiyo naikumbuka. Nilikuwa nimeziba masikio kwa muziki, nimeinamia simu, natazama picha mlizonitumia za mtoto wa kaka. Kumbe kuna mtu alikaa ubavuni mwangu, akaondoka, na mimi sikumwona.

Sasa simu inabaki mfukoni. Nakaa pembeni, upande wa pili nauacha wazi. Hajarudi. Sura mpya sijaianza, lakini kwenda nakwenda.

Nisalimie kaka na wifi, mbusu mtoto, na mwambie mumeo redio haimsikii. Mungu akupe umri mrefu na magoti ya kuufaidi. Nawe niombee: mtu yule akija tena, anikute nimeinua uso.

Wako akupendaye,
Kasuku