Namba Saba Aliacha Mwenyewe

Mdogo wangu,

Shikamoo yako mama ameifikisha, nami naipokea: marahaba. Huku mvua imekatika, paka wako amezaa, na jana niliwasilisha utafiti wangu.

Ungeona ukumbi ulivyofurika! Wanariadha wa viti vya magurudumu, wiki nane za mazoezi niliyoyabuni mimi, kasi ikapanda kwa asilimia kumi na moja. Profesa alisimama kunipigia makofi. Wewe sikukualika kwa kuwa ukumbi uko ghorofa ya tatu na lifti hakuna.

Mzee mmoja akauliza, "Mbona ulianza na kumi na wawili, kwenye grafu wapo kumi na mmoja?"

Nikamjibu kwamba namba saba aliacha mwenyewe, uvivu tu. Watu wakacheka. Ningesemaje? Bega lako lilichanika wiki ya sita, baada ya mimi kukwambia, "Jikaze, usinitie aibu." Ukiwemo wewe, wastani wote unaporomoka.

Nimeambatisha fomu ya kujitoa kwa hiari. Tarehe nimeandika ya wiki ya pili. Mama anasema mkono wa kulia haushiki tena hata kijiko, kwa hiyo tia sahihi kwa wa kushoto.

Dada yako akupendaye.