Chapa ya Boma Juu ya Mlango

Baba,

Shikamoo. Nimeandika hiyo shikamoo halafu nikatulia kidogo, kama nilivyozoea, nikisubiri useme "marahaba ng'wanone, mwanangu" ndipo niendelee. Haya, naendelea hivyo hivyo.

Naogopa, Baba. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azungukezunguke. Kesho Baba Mdogo anakuja Geita kutoka Samuye, na anakuja kuchukua duka langu. Anakuja na furaha, na hiyo ndiyo inayonitisha. Angekuwa anakuja kwa hasira ningejua pa kuanzia.

Tangu tukuzike kule bomani Samuye nimeendelea na kazi. Kile chumba cha mbele ulichokuwa unaanikia mabango nimekifanya duka la kuchora na kuchapa. Kuna kompyuta, printa, na mashine ya kukatia stika, vyote nimevipata kwa kadi za harusi na fulana za misiba. Brashi zako ziko kwenye kopo lake pale dirishani, hakuna anayezigusa. Duka nimeliita Brashi na Wino.

Lilikosa nembo tu. Aibu gani hiyo, fundi wa nembo za watu hana ya kwake! Nikataka ya kizamani, kama zile za kwenye viberiti vya zamani, maana ndizo wateja wanazozitaka siku hizi. Ungecheka sana. Ninyi mlihangaika bango liwe jipya, sisi tunalikwangua makusudi ndani ya kompyuta mpaka lionekane limeshinda juani miaka. Nikakumbuka zile herufi ulizojifunzia kiwanda cha pamba Shinyanga, ulipokuwa kijana wa kupiga chapa marobota, herufi za bati lililotobolewa, zenye vipengo katikati. Nikazipanga kwa mviringo. Wala sikuzinenepesha, Baba. Nilikumbuka ulivyokuwa ukisema herufi ikishiba sana haisomeki kwa mbali.

Katikati pakabaki patupu. Nikachora brashi, ikawa kama ufagio. Nikachora sururu na mlima, nikaona hiyo ni Geita nzima, kila mtu anayo. Ndipo ikanijia ile alama uliyokuwa unanichorea vumbini kwa kijiti nikiwa mdogo, pembe mbili zinazotazamana na mstari mfupi chini yake. Ulisema ndiyo chapa ya ng'ombe wa kwetu. Nikaiweka. Lo, Baba, ilikaa! Nikapanda ngazi nikaichora juu ya mlango kwa rangi yako nyeusi, nikapiga picha, nikaituma kwenye grupu la ukoo ili nisifiwe.

Sifa zikaja. Shangazi akarekodi vigelegele akavituma. Halafu Baba Mdogo akapiga simu kunishukuru, sauti imejaa machozi. "Wabeja, Kabula. Wabeja sana. Umeliingiza duka bomani." Sikuelewa. Akasema kilichopigwa chapa ya boma ni cha boma, hata mtoto anajua. Akasema Masanja, yule mwanawe mkubwa, atakuja kulisimamia, na mimi nipumzike nisubiri mume, kwani dukani binti huzeeka upesi. Nikajibu, "Ndiyo, Baba Mdogo." Ndiyo! Mdomo ulijijibia wenyewe. Nani humkatalia baba yake mdogo kwenye simu?

Mimi nimekulia mjini, Baba. Niliona mchoro mzuri. Wao wameona ng'ombe ameingia zizini.

Tangu siku hiyo pikipiki ikisimama nje, nashtuka. Mteja mmoja nimemkatia stika ya jina lake likiwa limegeuka nyuma mbele, na hakuwa hata na hasira, alinionea huruma. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuifuta tu, basi. Nikapanda na kitambaa na thina. Mkono ulipofika kwenye rangi nikakusikia unasimulia habari za wezi wa mifugo, kwamba mwizi hujulikana kwa chapa iliyoharibiwa wakati mwenyewe hayupo. Na mwizi wa ng'ombe kwetu anafanywa nini, unajua. Nikashuka ngazi bila kuifuta.

Kwa hiyo nikiiacha, duka limekwenda. Nikiifuta kabla hajafika, mimi ni mwizi. Na nikiifuta mbele yake, hilo ndilo naliogopa kuliko yote, si nitakuwa nimemwambia kwamba mimi si wa boma? Sina mume. Sina wewe. Nitazikwa wapi, Baba? Wewe uliondoka na brashi tu, fungu lako la ng'ombe ukamwachia ndugu yako, lakini mwisho ulirudi ukalala kwenu. Mimi watanikubalia nilale karibu yako?

Nilishindwa kukaa, nikafunga duka nikaenda Buseresere. Ile bucha uliyoichora ukutani bado ipo. Ng'ombe wako amepauka, mkia hauonekani tena, ila chini kwenye kona kidole chako kipo. Nilizoea kukuuliza kwa nini ukimaliza kazi unachovya gumba na kulibandika badala ya kuandika jina. Ulinijibu jina anaweza kuandika yeyote. Nikaweka gumba langu juu ya lako. Likaingia ndani, likabakiza lako pembeni pande zote. Nikalia pale pale, mbele ya nyama za watu. Mwenye bucha akaniletea kiti. Nikamwambia aliyechora ni baba yangu. "Pole, dada," akasema, na akaniambia kila akipaka rangi ukuta huo anamruka ng'ombe na hiyo kona, anaona vibaya kuvifunika.

Hiyo ndiyo nembo, Baba. Gumba lako nje, langu ndani, na herufi za marobota zikizunguka. Nimeichora kwenye karatasi, nikairudia na kuirudia. Imekaa sawa.

Kesho Baba Mdogo akifika nitapiga goti nimwamkie. Nitampa maji, nitampa chakula, aanze kushiba. Halafu nitamtoa nje, mchana kweupe, majirani wakitazama, nipande ngazi nifute chapa ya boma akiwa amesimama pale chini ananiona. Nitamwambia, "Nisamehe, baba yangu, niliichukua bila kuomba, nairudisha. Duka ni langu." Nimejaribu kuyasema maneno hayo hapa peke yangu. Mengine yote nimeyasema vizuri, ila nikifika kwenye "langu" narudi mwanzo. Naogopa, Baba. Masanja atakuwa na begi lake la nguo. Shangazi hatanitumia tena vigelegele.

Lakini nakuahidi sitaifuta kabla hajafika, hata niogope vipi. Na nakuahidi mavuno yakiisha nitakuja Samuye kufagia kaburi lako. Wakinifungulia, nitaingia. Wasiponifungulia, nitasimama nje ya uzio wa minyaa niseme shikamoo kwa nguvu zangu zote, boma zima lisikie. Wewe itikia tu, hata kidogo.

Lala salama, Baba. Hapa chini sijaandika jina, nimeweka gumba.