Sahani ya Fundi Saa

Jumatatu, 3 Februari

Sukari. Sio ya kwenye chai, ya kwenye damu. Mume wangu anayo, tena nyingi, na kwa namna daktari alivyokunja uso, haikuanza jana. Yeye mwenyewe alikaa pale anatikisa mguu na kutabasamu, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. Mtaani wanamwita Dakika, kwa sababu kila anayemletea saa mbovu anaambiwa "dakika moja tu", hata kama ile saa ni ya kutupa. Na mimi leo namwandika hivyohivyo. Ndiyo, Dakika, umeugua.

Tukapewa vidonge, tukapelekwa chumba cha mwisho kwa binti wa lishe. Ana picha ya sahani ukutani. Nusu ya sahani mboga za majani. Robo wanga — wali, viazi, mkate, vyote ni ukoo mmoja, vyote vikishuka vinageuka sukari. Robo iliyobaki maharage, au samaki, au yai. Dakika akaikazia macho ile picha, akasema hii ni saa ya ukutani. Kumi na mbili kushuka mpaka sita, mboga. Sita mpaka tisa, wali. Tisa kupanda mpaka kumi na mbili, maharage. Binti wa watu akacheka, akasema ataanza kuwafundisha wagonjwa wote hivyo.

Alisema na mengine, kuhusu vinywaji, kuhusu macho na miguu. Sikuyashika. Nilikuwa nishaanza kupangua jiko kichwani. Turudi baada ya mwezi kupima tena damu na kuangaliwa macho.

Nimefika nyumbani nimempa jirani sukari yote, kopo na kifuniko chake. Soda nazo zimekwenda. Mimi ni fundi cherehani. Nguo ikikaa vibaya sikai kuilalamikia, naifumua.

Jumatano, 5 Februari

Sahani ya kwanza ya saa. Nimechota kabichi, nimechota mchicha, wali kiasi cha ngumi. Dakika akaizungusha sahani, akaniambia saa hii iko nyuma, wali haujafika tisa. Nikamwambia asinichezee. Akala yote. Kisha akainywa chai isiyo na sukari huku amefumba macho, kama anameza dawa ya minyoo.

Roho iliniuma. Mtu ameoa miaka yote hii anapenda kitu kitamu, leo namnyima. Basi nimewaza: matunda! Matunda si sukari, matunda ni matunda, yanatoka mtini. Nimetoa blenda kabatini, ile tuliyopewa na watu wa harusi, haijawahi kuguswa. Machungwa, ndizi, embe. Nimekamua, nimechuja vizuri isibaki hata kapi moja, nimemjazia jagi la kwenda nalo kibandani kwake kwenye saa. Alivyofurahi! Kasema mke anaye.

Jumanne, 11 Februari

Wifi kaja. Dada yake mkubwa, anatembea na neno lake mdomoni tayari. Kaja na keki. Kaona sahani ya ndugu yake, akaniuliza kama siku hizi nafuga sungura. Mwanaume bila kitu kitamu anaisha nguvu, anasema. Tumebishana mpaka keki ikasahaulika, ndio ushindi wangu.

Mwisho tukapatana kwenye asali. Asali ni ya nyuki, haina kiwanda. Kijiko kwenye chai asubuhi, kijiko jioni. Wifi kaondoka ameridhika. Na mimi nimeridhika. Ni mara chache sana sisi wawili kuridhika siku moja.

Jumamosi, 22 Februari

Leo nimempunguzia suruali kiuno!

Miaka yote nimekuwa mtu wa kuongeza. Leo kasimama mbele yangu, nikapitisha tepu, ikazidi. Nikapima tena. Ikazidi. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Nimeingiza mshono kila upande, na nikabakiza kitambaa cha kutosha ndani, sijui kwa nini. Mazoea.

Kibandani kwake kila mtu anamsifia. Anawaambia, mke wangu ndiye daktari. Kichwa kimenivimba, siwezi kusema uongo. Wateja wangu nao wameanza. Nawapima kifua huku wananiuliza wale nini. Nawaambia: sahani iwe saa, sukari nje, juisi freshi asubuhi na jioni. Mwalimu wa chekechea aliyekuja kushonesha gauni kaandika kabisa kwenye simu yake.

Jumatatu, 10 Machi

Ilikuwa siku yetu ya kliniki wiki iliyopita. Hatukwenda. Dakika anasema foleni ile inamaliza siku nzima na kibanda kimefungwa, na kwani tunaenda kuuliza nini? Suruali imeshajibu. Hata vidonge anaona ni vya watu wagonjwa, ameviacha, pakiti imelala juu ya kabati na vumbi.

Nilitaka kubisha. Sikubisha. Nilipitisha tepu kiunoni, ikazidi tena. Tepu haijawahi kunidanganya.

Anakunywa maji sana siku hizi. Vizuri, nadhani binti wa lishe alisifu maji. Ila usingizi hana, kila mara yuko chooni. Na analalamikia lenzi yake ya jichoni, ile ya kutazamia saa, anasema imechoka, inaonyesha ukungu. Kanunua nyingine.

Alhamisi, 27 Machi

Lenzi mpya nayo ina ukungu.

Mteja karudisha saa. Haijawahi kutokea. Mume wangu hajawahi kurudishiwa saa tangu nimjue. Skrubu moja ilikuwa haipo, na yeye anaapa aliirudisha. Aliipapasa mezani kwa vidole mpaka akaipata, nikaona vidole vinavyotafuta, nikaangalia pembeni.

Mashavu yamebonyea. Suruali ile ya Februari nimeipunguza tena, sasa mifuko ya nyuma inakaribia kubusiana. Nimemwambia mbona tunapita kiasi. Kasema wivu huo, naogopa atapata mke mdogo. Tulicheka. Lakini alipocheka alikaa chini kwanza.

Nimemuongezea embe kwenye juisi, apate nguvu.

Sisimizi wamejaa chooni. Nimewamwagia maji ya moto.

Jumanne, 8 Aprili

Nitaandika taratibu.

Asubuhi Dakika kakosa kizingiti cha mlango wetu wenyewe, ameanguka kifudifudi. Nilipomnyanyua hana uzito. Mume wangu, nilimnyanyua peke yangu. Pumzi yake ilikuwa inanukia matunda yaliyoiva mno. Tukamkimbiza hospitali.

Kile kimashine cha kutoboa kidole hakikutoa namba. Kimeandika tu kwamba sukari imepita kipimo. Wakamlaza, dripu, wakakimbizana. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, mpole, akanivuta pembeni kwenye korido akaniuliza anakula nini. Nikamweleza yote kwa kujiamini. Sahani, saa, robo, nusu. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, vizuri mama, vizuri. Kisha akaniuliza anakunywa nini.

Nikamwambia juisi. Ya matunda matupu, nakamua mwenyewe, sitii hata punje ya sukari.

Akaniuliza ngapi. Nikamwonyesha kwa mikono ukubwa wa jagi.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliniambia chungwa ukilitafuna linakwenda polepole, unakula moja, mawili, umeshiba. Ukilikamua ukachuja makapi, unabakiwa na sukari yake tupu, na glasi moja inabeba machungwa ambayo mtu hawezi kuyamaliza kwa kinywa. Asali hivyohivyo. Mwili haumuulizi nyuki wala mti. Sukari ni sukari.

Nikasema, lakini alipungua! Nikasema nilimpima mimi mwenyewe.

Akasema, "Mama, hakuwa anapona. Sukari ikishindwa kuingia mwilini, mwili unakula nyama yake wenyewe. Alikuwa anaisha."

Nilikuwa na tepu shingoni. Nilitoka nayo nyumbani bila kujua. Nimeivua, nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba.

Alhamisi, 10 Aprili

Yuko macho. Sindano asubuhi, sindano jioni. Anamwambia kila muuguzi: huyu ndiye aliyenitunza, bila huyu ningekuwa nimeshazikwa.

Nimekwenda kusimama bafuni kwao na bomba nimelifungulia.

Alhamisi, 17 Aprili

Daktari wa macho. Mtu wa maneno machache. Ndani ya jicho la kulia damu imevuja na pazia la nyuma, lile la kuonea, limeachia, hilo limekwisha. La kushoto linaona mwanga na vivuli, litajaribiwa, asitupe matumaini makubwa. Ameuliza mbona hatukuja Machi. Mwezi Machi, amesema, la kushoto lingewahiwa.

Dakika akajibu haraka kwamba ni yeye aliyekataa. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba nilikuwa nimeshika tepu.

Nje daktari akaniambia ugonjwa huu una miaka ndani yake, haukuletwa na juisi ya miezi miwili. Muuguzi naye kaniambia hivyo. Ni watu wema. Nalichukua hilo neno najifunika nalo usiku, halitoshi, miguu inabaki nje.

Ijumaa, 25 Aprili

Tuko nyumbani. Nimefunga kibanda chake, nimeleta meza ndogo na saa za watu ambazo hazijachukuliwa. Anaziweka sikioni moja moja. Anasema hii inachechemea, hii imekauka mafuta. Anazijua zote. Hawezi kuifungua hata moja.

Nimewaandikia wateja wangu wale niliowafundisha. Nimewaambia waache ile juisi, wale tunda zima. Mwalimu wa chekechea kanijibu kwa kidole gumba tu. Mwingine kaniuliza basi asali je. Nimetupa simu kitandani.

Jumatano, 30 Aprili

Kaniuliza juisi. Nikamwambia msimu wa machungwa umekwisha.

Alhamisi, 1 Mei

Kaniuliza tena. Msimu, nikasema. Kasema mbona mwaka huu umekuwa mfupi.

Ndiyo, hajui. Hospitali walimwelekeza afuate chakula anachopewa na mkewe, basi. Yale ya korido ni yangu na yule muuguzi. Kila siku napanga kumwambia, na kila siku anaanza yeye, anamwambia mgeni aliyeketi hapo jinsi nilivyoamka kumkamulia. Jana kamwambia fundi redio kwamba mwanaume asiye na mke kama mimi sukari inamuua mara moja. Mgeni ananitazama kwa heshima. Mimi natazama mlango.

Nikimwambia, atanisamehe palepale. Namjua. Hilo ndilo silitaki. Na nisipomwambia naendelea kula sifa ambazo bei yake ni jicho lake.

Jumapili, 4 Mei

Wifi kaja. Hana neno mdomoni siku hizi, anafika anafagia. Kaleta mfuko mzima wa machungwa, kauweka jikoni. Kasema kwa sauti ndogo, ya kutafuna, moja moja, nimeshaelewa wifi. Nilimweleza juzi, nikalia, akanishika mkono. Sikutegemea. Naye aliniambia wazo la asali lilikuwa la kwake. Tukawa wawili, lakini lawama haikupungua.

Kaondoka. Nimepakua. Siku hizi ile saa ndiyo macho yake. Namwambia: kabichi iko kumi na mbili mpaka sita. Wali sita mpaka tisa. Samaki tisa mpaka kumi na mbili, nimemtoa miiba. Anakwenda na kijiko bila kumwaga, mkono wa fundi ni mkono wa fundi. Alinitania kwamba sasa saa zangu zinakwenda sawasawa, nifungue kibanda.

Kisha akasimamisha kijiko. Akanusa.

"Mke wangu, hayo si machungwa?"

Nikasema ndiyo.

"Msimu umerudi," akasema, uso wote umemfunguka. "Nikamulie. Kama zamani."

Sikusogea. Nimekaa mbele yake na hii shajara magotini. Naandika hivi ili mkono uwe na kazi, yeye anadhani naandika vipimo vya mteja. Nimemwita jina lake, lile la kweli, ambalo silitumii. Kasema naam. Nikarudi kwenye shajara.

Hasikii blenda, labda anadhani nilishakamua kabla hajaketi. Ameunyoosha mkono mezani, pole pole, anapita pembeni mwa sahani, moja, mbili, tatu, anaitafuta glasi. Anauliza, "Umeiweka saa ngapi?"