Ukuta wa Upande wa Mvua

Kazi moja, siku ya kwanza ya kazi, 4 Novemba 1957

Masista walinifundisha kuandika barua, si kitu kingine. Kwa hiyo hata hapa kwenye daftari, pasipo mutu wa kusoma, mukono wangu unaanza na salamu. Nawasalimu wote wa nyumba hii. Bibi Sikuzani, mama wa bwana yangu, na goti lake linalomuuma. Mwavita, mutoto wangu wa kwanza, aliyerudi kwangu kuzaa. Wewe uliye ndani ya tumbo la Mwavita, salamu na wewe, usiharakishe. Feza, mutoto wangu wa mwisho, anayeunguza wali kila siku ya mvua. Yozefu, mukwe wangu, namusalimu kwa mbali. Na Baba Mwavita, huko kwenye kazi ya daraja, njia ya Kabambare. Mimi ni muzima. Roho ndiyo haitulii.

Mvua tena. Nimetoka na ndobo ya udongo wa kichuguu, nimepaka ukuta wa upande wa mvua. Mvua inakula, mimi napaka. Inakula, napaka. Zamani paa lilishuka mpaka usawa wa kiuno, maji hayakujua ukuta uko wapi. Muzungu wa usafi akasema ni giza, panya wanazaa, kateni. Tukakata. Sasa nyumba zote za mustari huu zinafanana na vichwa vilivyonyolewa. Kurudi kule kwa zamani, karibu na mashamba, imekatazwa. Wote barabarani, mustari mumoja.

Chumba chenye ukuta huo ndicho cha Mwavita. Kingine chenye kitanda hakuna.

Kazi tano, 8 Novemba

Yozefu amekuja. Anajenga pamoja na mafundi huko Kasongo, na mukubwa wake amemupa simenti iliyobaki. Ameisukuma kwenye baiskeli njia yote, matope mpaka magoti.

Mimi sikumuona. Mama mukwe na mukwe hawaangaliani usoni, ni haya. Akiingia kiwanjani, mimi naingia ndani. Yeye nje, mimi ndani, ukuta katikati. Hivyo tunasema.

«Mama, nimeleta simenti. Mvua haitakula tena hata kidogo.»

Nikatafuta neno zuri. Akamuuliza Feza kama nimefurahi. Nikamwambia Feza, mwambie nimefurahi sana. Feza akasema, «Mama, amesikia, yuko hapa hapa.» Mutoto huyu atanizika mapema.

Nilikuwa na wasiwasi kidogo. Simenti juu ya udongo? Sijaona. Lakini kukataa zawadi ya mukwe, afadhali nitembee uchi sokoni.

Siku ya posho, 9 Novemba

Amepaka tangu asubuhi. Mimi jikoni, mugongo kwenye mulango. Alipoondoka kurudi Kasongo nikatoka, nikamalizia chini mwenyewe kwa mikono. Imeniunguza vidole. Laini kama yai. Majirani wamekuja kupapasa.

Bibi Sikuzani amekaa mbele yake kama mbele ya altare. «Sasa tumekuwa Wazungu,» amesema. «Tunangoja mukate tu.»

Nimefurahi, kweli. Leo sijachota udongo.

Kazi mbili, 12 Novemba

Muzungu wa usafi amepita na baiskeli yake. Kila nyumba makelele. Kwetu alisimama, akagonga simenti kwa fimbo yake, akacheka. Polisi wake akatufasiria: ni vizuri sana, mukubwa wake wa Kasongo atakuja kuutazama, mutu asiuguse. Akiukuta umeharibika, Baba Mwavita atalala buloko, gerezani.

Watu wananiamkia kwa heshima. Mimi nasikia kama nimefungiwa jiwe mugongoni. Ukuta wangu si wangu tena.

Kazi ine, 14 Novemba

Mutoto mwanaume! Mvua inanyesha, naye analia kuishinda. Mwavita muzima. Nimecheka, nimelia, nimemwaga maji ya moto kwenye muguu wangu.

Bibi Sikuzani ameweka fimbo kwenye kizingiti cha chumba. Mama na mutoto hawavuki mulango mpaka kitovu kianguke. Hivyo alifanyiwa yeye, hivyo nilifanyiwa mimi. Hakuna wa kubishana.

Mutoto ana masikio ya Baba Mwavita. Yeye hajui. Bariyeri ya mvua imefungwa barabarani, kamyo zote zimesimama huko mpaka njia ikauke, hakuna wa kumupelekea neno.

Siku ya Mungu, 17 Novemba

Sikwenda kusali. Chumbani kuna harufu. Si ya mutoto, si ya damu. Ni ya chungu kilichosahauliwa na maji ndani.

Nimesogeza kitanda. Ukuta kwa ndani unatoka jasho. Chini pameota uyoga. Uyoga, ndani ya nyumba, karibu na kichwa cha mujukuu wangu! Nje simenti iko kavu, nzuri, inang'aa.

Nimetoka, nimegonga kwa kidole. Imelia kama ngoma. Juu ni ngoma, katikati ni ngoma. Maana yake simenti imeachana na udongo, katikati yao kuna nafasi. Na ile nafasi ina nini? Maji. Yanaingia kwa juu, pale paa lilipokatwa, yanapanda na kwa chini. Udongo peke yake unanyonya, halafu jua likitoka unakauka. Huu tumeufunga mudomo. Unakunywa, hautemi.

Sijamwambia mutu. Nimekaa tu na mutoto mapajani, mugongo wangu kwa ukuta, kama mugongo wangu unaweza kuuzuia.

Kazi mbili, 19 Novemba

Tumbo la Mwavita limeshuka, la ukuta limepanda. Limetoka nje, mutu anaweza kuliona akiwa barabarani.

Nimemwambia Bibi Sikuzani tuwatoe mama na mutoto. Hapana. Mutoto akivuka mulango na kitovu, atakuwa mutu wa kuzurura, hatazikwa kwao. «Na wewe, ukiona kivuli cha kuku unasema chui.» Nikamwonyesha uyoga. Akasema uyoga ni baraka, tungeupika.

Nibandue simenti? Muzungu amekataza, na buloko ni ya bwana yangu. Nimwambie Yozefu zawadi yake ni mbaya? Nianze na neno gani? Nihame na Mwavita na mutoto kwa jirani? Mulango. Nimungoje Baba Mwavita? Bariyeri. Kila upande nikigeuka, kuna kitu kimesimama. Naogopa. Nachukia kila mutu. Namuchukia hata Bibi, Mungu anisamehe, na nimemukanda goti lake leo tena.

Kazi tatu, 20 Novemba

Nimepata!

Katikati ya chumba cha Mwavita na gala ya mpunga kuna ukuta mudogo tu, wa matete na udongo. Asubuhi nikamuuliza Bibi, polepole, nikimumenyea ndizi: kilichokatazwa ni nini, chumba ao mulango? Akasema mulango, umezibwa masikio? Nikamuuliza tena, na tobo? Akatafuna muda mrefu. «Hakuna aliyeniambia neno la tobo,» akasema.

Nilichukua panga kabla hajameza. Nimekata matete, Feza anavuta. Mwavita amepita kwa magoti, mimi nikamupitishia mutoto kama mukate kwenye tanuru. Bibi alisimama kwenye kizingiti, akilinda fimbo yake. Mpunga tumeusukuma pembeni. Pamebana, panya wanapita, lakini hapo ukuta ni mukavu.

Nimemutuma Feza aende na watu wa soko, amwite Yozefu.

Kazi ine, 21 Novemba

Naandika na matope bado kwenye vidole.

Yozefu alifika mvua ikianza kupungua. Alisimama nje, mimi ndani ya chumba kitupu, kama kawaida. Nikasema yote. Kwamba namushukuru. Kwamba hakuna mukwe kama yeye katika mustari mzima. Kwamba ukuta unakufa.

«Mama, simenti ni simenti,» akasema. «Kule Kasongo imeshika nyumba kubwa.»

«Kule imeshika matofali ya moto, mukwe wangu. Hapa imeshika tope. Gonga, usikie.»

Akagonga. Ngoma. Akagonga tena, chini zaidi. Nikasikia anasema, peke yake, «Ee mama yangu.» Halafu kwa sauti, «Mama, ondoka hapo! Ondoka!»

Nilirudi nyuma mpaka kwenye tobo. Simenti ilianguka kwanza, nzima nzima, kama ngozi. Udongo ukafuata, bila makelele makubwa, kama mutu anayekaa chini kwa kuchoka. Kitanda cha Mwavita kimefunikwa. Pale pa kichwa cha mutoto, tofali la udongo.

Na mwanga ukaingia. Na mimi na Yozefu tukaonana.

Uso kwa uso. Matope mpaka kwenye kope. Ana alama ndogo juu ya jicho, sikujua. Tulitazamana kama mbuzi wawili darajani. Kisha nikafunika kichwa changu kwa kitambaa, yeye akageuka akakimbia, akaangukia ndani ya shimo la udongo wangu. Feza alicheka mpaka akakaa chini.

Mutoto, kule kwenye gala, alilala tu, hakuamka.

Kazi tano, 22 Novemba

Haya. Haya tupu. Siwezi kula.

Lakini wako hai.

Siku ya posho, 23 Novemba

Bibi Sikuzani amesema kuku mumoja atatosha kuosha macho yetu yaliyoonana. Yozefu amemuleta kuku kwa mukono wa Feza. Nimemuchinja. Imekwisha.

Tangu asubuhi anajenga, kichwa chini, mimi nimekaa nimemupa mugongo. Safari hii mawe chini kwanza, ndipo matofali, udongo na udongo. Mufereji wa kupeleka maji mbali. Simenti iliyovunjika tumeitandika ndani ya mufereji, huko inafaa. Juu, paa halitoshi, basi ametundika mikeka ya majani ya mingazi, inashuka mpaka kiunoni. Muzungu akiuliza, tutasema ni mikeka ya kukausha mpunga. Nitasema vizuri? Sijui. Usiku na mchana nasikia baiskeli ya yule Muzungu, hata pale haipo.

Kazi moja, 25 Novemba

Kitovu kimeanguka.

Mustari wa matofali bado uko kifuani tu. Mikeka tumeikunja ili jua liingie, nusu ya chumba inaonekana kutoka barabarani, mutu angepitisha mutoto juu ya matofali bila kuinama. Bibi Sikuzani amekataa. Tumewarudisha wote wawili ndani kwa tobo. Akaondoa fimbo kwenye kizingiti, na Mwavita akatoka na mutoto kwa mulango, polepole, kama inavyotakiwa. Majirani wanatutazama kupitia pale ukuta usipokuwapo. Hakuna aliyecheka. Mimi nikapiga vigelegele.

Sasa mvua. Mikeka tumeishusha, naandika chini yake. Maji yanaanguka mbele ya vidole vya muguu wangu, yanaingia mufereji, yanakwenda. Nimeweka kiganja kwenye ukuta. Ni baridi, lakini haukuloa. Yozefu yuko upande wa pili, ndani, anangoja mvua iishe. Ameinama ili kichwa kisionekane juu ya matofali.

«Mama, umeshinda?»

«Nimeshinda, mukwe wangu.»

Barabara imefungwa bado. Muzungu hajaja. Baba Mwavita, wote huku wanakusalimu, na huyu mupya ambaye humujui, mwenye masikio yako. Najua hutasoma hii. Lakini bariyeri ikifunguliwa, kabla ya kula, kabla ya kufua nguo, tuma neno upesi. Tukuwekee wali, ao bado?