Babu Elia Asifungue Rejeta

Mjukuu wangu Tumaini,

Barua hii usimwonyeshe mtu, hasa babu yako Elia. Ni kaka yangu na ninamwogopa. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba, ingawa mimi, karani wa ofisini, nimekuzidi miaka michache tu na ni bibi yako kwa ukoo tu. Hapa Visiga mama yetu, mimi na babu yako, hajambo.

Unauliza kama injini ya gari la familia imekufa, maana linachemsha kila ukitoka nalo hapo kwako Mzenga. Nimekasirika tangu nisome hapo. Nilipokuwa chuoni lilichemsha vilevile, tukimpeleka mama kliniki. Nikasema, "Kaka, tusubiri lipoe." Akacheka: "Umechemsha wewe! Kasome vitabu vyako." Akafungua kifuniko cha rejeta, pale penye maji ya kupoza injini, na maji ya moto yakamrukia mama mkononi. Fundi alikuta mpira wa maji umepasuka, basi. Nyumbani nikagombezwa mimi, eti nimebishana na mkubwa.

Sasa kaka anakuja kwako Jumamosi kung'oa injini. Mkatalie kwa heshima, lakini mkatalie. Kagua mipira kwanza, kisha feni.

Ukikwama, usinipigie ofisini. Nitumie ujumbe, nitakupigia saa ya chakula. Ukiningoja, zima gari, na funguo ukae nazo wewe, babu yako asiliguse.