Jina la Baba Mkwe

Mama yangu uliyelala Masoko,

Ulizoea kuniuliza nafanya nini hasa chuoni, nami kwa uvivu nikakujibu, "Kompyuta tu, mama." Leo nakueleza. Wahadhiri wapya wakiajiriwa, nawafundisha kutumia mtandao wa watafiti. Kila mmoja anafungua ukurasa wake, anaweka kazi alizoandika, kisha anaingiza majina ya alioshirikiana nao. Asiyeingizwa ni kama hakuwepo.

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja, Tumpe, kaolewa Lufingo. Ana andiko zuri juu ya magonjwa ya migomba. Nilipopita nyuma yake nikaona kajiweka peke yake, wakati andiko lenyewe lina majina mawili. Nikamuuliza mwenzake yuko wapi. Akaendelea kubonyeza vitufe. Nikapaza sauti, mimi na mdomo wangu: "Au ndiyo unakula jasho la mwenzio?" Darasa likacheka. Akainamisha kichwa, akasema polepole, "Ni baba mkwe, kaka. Mimi simtaji."

Mama, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Maana mwiko huo wa mke kutotaja jina la mkwewe niliujua kwako. Nilipoleta fomu ya shule inayotaka jina la babu mzaa baba, ulifuta mikono kwenye kanga ukanituma: "Kimbia kwa jirani, mama Neema, akutajie. Mimi mdomo wangu hauna ruhusa." Ukimwona anapanda njia na fimbo yake, uliingia migombani na ndoo yako kichwani, ukasubiri apite. Nilikuwa nakucheka. Nilidhani unamwogopa. Kumbe ndizi za kwanza kuiva jikoni zilikuwa zake, na alipougua uji wake ulipika wewe mpaka mwisho, ukipitisha bakuli kwa baba.

Tumpe akanieleza. Mkwewe alikuwa bwana shamba, na madaftari yake ya miaka mingi ndiyo yaliyobeba utafiti ule. Mzee alimpa kupitia kwa mumewe, kwa sababu yeye na mkwewe hawajawahi kukaa meza moja. Hata kwenye andiko, jina la mzee lilichapwa na mumewe. Sasa mume hayupo darasani. Tumpe akiliacha, mzee anafutika kwenye kazi yake mwenyewe; akiliandika, anajiona amemvunjia heshima. Alikuwa anahangaika na hilo tangu asubuhi, nami nikaja kumtania mbele za watu.

Nikamwomba radhi palepale, waliocheka wakisikia. Nikavuta kiti. Akanisogezea nakala ya andiko, akageukia dirishani kutazama ukungu, nikaliandika lile jina mimi. Baadaye mumewe alinipigia simu: mzee ameonyeshwa ukurasa, amekaa nao muda mrefu, halafu akasema, "Mwambie mkeo ndaga. Ndaga fijo." Asante sana hiyo, mama, nawe unajua ilivyo tamu ikitoka kwa mkwe.

Tangu siku hiyo nakuwaza kuliko kawaida. Natamani ningekuheshimu kidogo zaidi ulipokuwa na ndoo yako kule migombani.

Jana nilipata kundi lingine. Kabla hawajawasha kompyuta nikawaambia: kama kuna jina huwezi kuliandika, nyoosha mkono, nitakuandikia na sitauliza sababu. Nilitegemea kicheko. Ikanyooka mikono mitatu, mmoja wa mwanamume. Nikavuta kiti, nikaanza na wa karibu.

Endelea kupumzika, mama.

Kitindamimba wako,
Lusajo